The Fleece Inn (Bretforton)

The Fleece Inn ni baa ya kale katika kijiji cha Bretforton, kaunti ya Worcestershire, Uingereza. Jengo lake lilianza kama nyumba ya mkulima katika karne ya 15, likageuzwa kuwa baa mwaka 1848, na tangu miaka ya 1970 linamilikiwa na National Trust, shirika linalohifadhi majengo na mandhari za kihistoria.

Baa hii inajulikana hasa kwa vyumba vyake vya ndani. Vimebaki na sakafu za mawe, meko makubwa, samani na vyombo vilivyotumiwa na familia moja kwa vizazi vingi. Mwaka 2004 jengo liliungua vibaya, likakarabatiwa, kisha likafunguliwa tena mwaka 2005. Hadi leo si makumbusho: wateja huingia, huagiza bia na kukaa katika viti vilevile vya kale.

## Mahali na jina

Bretforton ni kijiji kilicho mashariki mwa mji wa Evesham, katika bonde linaloitwa Vale of Evesham. Mto Avon hupita katika bonde hilo, na udongo wake unafaa sana kwa kilimo cha matunda na mboga, hasa plamu na asparaga. Upande wa kusini-mashariki kuna vilima vya Cotswolds, ambavyo katika Zama za Kati vilikuwa maarufu kwa ufugaji wa kondoo.

Neno la Kiingereza "fleece" linamaanisha manyoya ya kondoo mmoja yaliyokatwa kwa pamoja. Biashara ya sufu ilikuwa chanzo kikubwa cha utajiri wa Uingereza kwa karne kadhaa, na baa nyingi nchini humo zina majina yanayohusu kondoo na sufu.

Neno "pub", ambalo Waingereza hulitumia kwa baa ya namna hii, ni kifupi cha "public house", yaani nyumba iliyo wazi kwa watu wote. Jina hilo linaeleza asili ya baa nyingi za vijijini: zilikuwa nyumba za kuishi ambazo mwenyewe alifungua mlango wa chumba kimoja au viwili ili majirani wanywe ndani. The Fleece Inn ni mfano mzuri wa historia hiyo.

## Historia

### Nyumba ya mkulima

Jengo la kwanza lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa mapokeo ya mahali, mwenye nyumba alikuwa mkulima mwenye uwezo aliyeitwa Byrd. Nyumba yake ilikuwa ya aina ya nyumba ndefu: chini ya paa moja watu waliishi upande mmoja na mifugo ilikaa upande wa pili. Mpango huo ulikuwa wa kawaida katika sehemu nyingi za Ulaya. Ng'ombe walilindwa dhidi ya wezi na baridi, na joto la miili yao lilisaidia nyumba nzima wakati wa majira ya baridi.

Baadaye hali ya maisha ya wakulima ilipokuwa bora, mifugo ilihamishiwa kwenye majengo ya pembeni na nafasi yao ikageuzwa kuwa vyumba vya watu. Meko yenye dohani za mawe au matofali yalichukua nafasi ya moto wa katikati ya chumba, na orofa ya juu ikaongezwa. Nyumba nyingi za Kiingereza za aina hii zilibadilishwa hatua kwa hatua kwa njia hiyo, bila kubomolewa.

### Kuwa baa

Mwaka 1848 nyumba ilipata leseni ya kuuza pombe chini ya Henry Byrd Taplin, mmoja wa wazao wa ukoo uleule. Wakati huo jambo hili halikuwa la ajabu. Sheria ya Bia ya mwaka 1830 ilikuwa imemruhusu karibu kila mlipa kodi katika Uingereza na Wales kupata kibali cha kuuza bia kwa ada ndogo. Maelfu ya wakulima, mafundi na wajane walifungua biashara hiyo nyumbani kwao. Shabaha mojawapo ya bunge ilikuwa kuwavuta watu kutoka kwenye pombe kali, hasa jini, wageukie bia.

Katika baa ndogo za vijijini za wakati ule mara nyingi hapakuwa na kaunta. Bia ilipikwa nyumbani, ikahifadhiwa katika mapipa kwenye chumba cha baridi, kisha ikaletwa kwa mteja katika jagi. Mteja alikaa jikoni au sebuleni mwa mwenye nyumba, karibu na moto wa familia. Kwa hiyo vitu vilivyomzunguka havikuwa mapambo ya biashara. Vilikuwa vyombo vya nyumba yenyewe.

### Lola Taplin

Mwenye baa wa mwisho wa ukoo huo alikuwa Lola Taplin. Aliiendesha kwa miaka mingi na alijulikana kwa msimamo mkali kuhusu namna baa inavyopaswa kuwa. Baa ilikuwa mahali pa kunywa na kuzungumza, si mahali pa kula. Wenyeji husimulia kwamba aliichukia hasa biashara ya viazi vya kukaanga vya pakiti, na kwamba hakutaka viuzwe humo hata baada ya kifo chake.

Miaka ya uzeeni mwake ilikuwa kipindi kigumu kwa baa za kale za Uingereza. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni kubwa za bia, zilizomiliki sehemu kubwa ya baa nchini, zilibomoa kuta za ndani ili kupata ukumbi mmoja mpana, zikaondoa samani za zamani na kuweka mazulia na kaunta mpya. Bia ya mapipa ya mbao, inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa, ilianza kuachwa kwa ajili ya bia iliyochujwa na kutiwa gesi. Mwaka 1971 wanywaji walioudhiwa na mabadiliko hayo walianzisha chama cha CAMRA ili kutetea bia ya asili. Baadaye chama hicho kilianza kutetea pia majengo ya baa zenyewe.

The Fleece Inn iliepuka mabadiliko hayo kwa sababu haikuwa mali ya kampuni. Ilikuwa nyumba ya mtu binafsi ambaye hakuona haja ya kuibadilisha.

Lola Taplin alifariki mwaka 1977 humohumo ndani ya baa, mbele ya moto. Hakuwa na mtoto wa kumrithi. Katika wasia wake aliiachia National Trust nyumba pamoja na vitu vilivyokuwamo, kwa matakwa kwamba iendelee kuwa baa isiyobadilishwa. Kuna hadithi ya kijijini kwamba roho yake hurudi kwa umbo la bundi na kutua juu ya paa la ghala, ili kuhakikisha agizo lake linafuatwa.

### Chini ya National Trust

National Trust ilianzishwa mwaka 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley. Sheria ya bunge ya mwaka 1907 iliipa uwezo wa kutangaza kwamba mali fulani haiwezi kuuzwa tena. Shirika hili linajulikana zaidi kwa makasri, bustani na ufuo wa bahari, lakini linamiliki pia baa kadhaa. Miongoni mwake ni George Inn ya London, iliyopokewa mwaka 1937, na Crown Bar ya Belfast, Ireland ya Kaskazini.

Kuhifadhi baa kuna ugumu wake. Kasri la kale linaweza kuzungushiwa kamba, na wageni wakaambiwa wasiguse kitu. Baa ikifanyiwa hivyo haitakuwa baa tena. The Fleece Inn hukodishwa kwa mwendeshaji anayeifanya biashara, huku jengo na vyombo vya thamani vikibaki mali ya shirika. Kila mteja anayekalia benchi la kale analichakaza kidogo, lakini bila wateja hao hapangekuwa na sababu ya benchi hilo kuwa mahali pale.

## Ujenzi

Jengo ni la fremu ya mbao. Miti ya mwaloni ilichongwa ingali mibichi, ikaunganishwa kwa ndimi na matundu, kisha viungo vikafungwa kwa vigingi vya mbao bila misumari. Mwaloni unapokauka hujikunja na kukaza viungo. Ndiyo maana nyumba za aina hii huonekana zimepinda lakini husimama kwa mamia ya miaka.

Nafasi kati ya nguzo kwa kawaida zilijazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha zikapakwa chokaa. Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua mbinu hiyo, kwa sababu inafanana sana na ujenzi wa nyumba za miti na udongo. Tofauti kubwa ni uzito wa fremu: katika nyumba ya Kiingereza mbao za mwaloni ndizo zinazobeba paa na orofa, na udongo hujaza tu mapengo. Kwa hiyo ukuta wa udongo unaweza kuondolewa na kukandikwa upya mara nyingi huku fremu ikibaki ileile.

Kwa nje mbao nyeusi na kuta nyeupe huonekana wazi. Kando ya nyumba kuna ghala la kale la shamba na bustani yenye miti ya matunda.

## Vyumba vya ndani

Ndani kuna vyumba vitatu vikuu vya wateja, kila kimoja kikiwa na jina lake na moto wake wa kuni. Dari ni za chini na boriti nene huonekana wazi. Sakafu ni ya mawe bapa yaliyolika na kupasuka kwa kukanyagwa kwa muda mrefu.

### Brewhouse

Jina la chumba hiki linamaanisha nyumba ya kupikia bia, na linakumbusha wakati ambapo bia iliyouzwa hapa ilitengenezwa hapahapa. Kupika bia kulihitaji maji ya moto mengi, shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, hopsi na hamira. Hadi karne ya 19 baa nyingi za vijijini zilijipikia zenyewe. Ziliacha kazi hiyo pale viwanda vikubwa vilipoweza kusafirisha bia ya bei nafuu kwa reli na mifereji.

### Dugout

Chumba cha Dugout ni mahali pa kukaa watu wachache karibu na moto. Vyumba vidogo vya namna hii vilikuwa kawaida katika baa za Kiingereza kabla ya kuta kubomolewa, na vilimwezesha mteja kuchagua kundi la kukaa nalo: wazee wa kijiji upande mmoja, wasafiri upande mwingine. Kuta hizo ndizo zilizotoweka kwanza katika baa zilizofanywa za kisasa.

### Chumba cha Pyuta

Chumba hiki kimepewa jina la vyombo vilivyomo. Pyuta ni aloi ambayo sehemu yake kubwa ni bati, pamoja na kiasi kidogo cha risasi, shaba au antimoni. Kabla ya vyombo vya kauri na kioo kuwa vya bei ndogo, sahani na vikombe vya pyuta vilikuwa alama ya nyumba yenye uwezo. Maskini walitumia mbao na matajiri walitumia fedha.

Katika kabati kubwa la mwaloni limepangwa seti ya pyuta ya enzi ya wafalme wa ukoo wa Stuart, waliotawala Uingereza katika karne ya 17. Masimulizi maarufu husema kwamba vyombo hivyo viliachwa na Oliver Cromwell, aliyevibadilisha kwa fedha taslimu za kulipia askari alipokuwa njiani kwenda kwenye Mapigano ya Worcester. Ni kweli kwamba majeshi ya Cromwell yalipita Evesham kabla ya mapigano hayo ya tarehe 3 Septemba 1651, ambamo alimshinda Charles II. Lakini kisa cha vyombo ni mapokeo ya mdomo. Jambo lililo wazi ni kwamba seti kubwa ya pyuta ya karne ya 17 ni adimu, kwa sababu vyombo vilivyochakaa viliyeyushwa na kutengenezwa upya.

### Samani na zana

Katika vyumba hivi kuna mabenchi marefu yaliyopinda, yenye migongo mirefu inayozuia upepo wa mlangoni ili joto la moto libaki kwa waliokaa. Kuna pia saa ndefu ya kusimama na viti vya jikoni vya zamani. Zana nyingine zinaonyesha kazi za nyumba ya shamba:

* kibanio kikubwa cha kukamulia jibini pamoja na vyungu vya kuipa umbo;
* meza ya kuumulia kinyunya cha mkate, ambayo ni nadra kuonekana siku hizi;
* vyuma vizito vyenye ncha katika meko, ambavyo huenda vilikuwa mishikaki mikubwa ya kuchomea nyama.

Vitu hivi havikununuliwa ili kuipamba baa, kama inavyofanywa katika baa nyingi zinazotaka kuonekana za kale. Umuhimu wake uko katika kubaki mahali pamoja na nyumba iliyovitumia.

### Duara za kuzuia wachawi

Kwenye sakafu mbele ya meko kumechorwa duara tatu nyeupe, na kwenye mawe kuna alama zilizochanjwa. Katika karne ya 16 na 17 watu wengi wa Uingereza waliogopa uchawi, na bunge lilipitisha sheria za kuuadhibu kwa kifo. Iliaminika kwamba mchawi au pepo angeweza kuingia nyumbani kupitia nafasi yoyote iliyo wazi: mlango, dirisha na hasa dohani, ambayo haifungwi kamwe. Duara mbele ya moto zilikusudiwa kumzuia au kumnasa.

Alama za kinga kama hizi zimepatikana katika nyumba, makanisa na maghala mengi ya Kiingereza. Mwaka 2016 taasisi ya Historic England iliwaomba wananchi waziripoti popote walipoziona ili ziandikwe. Katika The Fleece Inn desturi ya kuziacha duara mahali pake imeendelea hadi leo, ingawa hofu iliyozileta imekwisha.

## Moto wa mwaka 2004

Tarehe 27 Februari 2004 moto ulizuka na kuharibu vibaya jengo, hasa paa na sehemu ya juu. Nyumba ya mbao zilizokauka kwa miaka 600 huungua haraka, na maji ya kuzimia moto hudhuru kuta za udongo karibu sawa na moto wenyewe.

Vyombo vya Chumba cha Pyuta vilinusurika. Jambo hili lina uzito kwa sababu pyuta huyeyuka katika joto la takriban sentigredi 170 hadi 230 tu, joto ambalo moto wa nyumba hulizidi kwa mbali. Samani nyingi za orofa ya chini ziliokolewa pia.

Baada ya moto ilibidi kuamua namna ya kujenga upya. Njia iliyofuatwa ilikuwa kurudisha jengo katika hali iliyojulikana na watu, kwa ukarabati mkubwa uliochukua zaidi ya mwaka mmoja. Baa ilifunguliwa tena Juni 2005. Kwa hiyo mgeni wa leo huona mchanganyiko: vyumba vya chini na vitu vyake kwa sehemu kubwa ni vya kale, na juu yake kuna kazi ya mafundi wa karne ya 21 waliofuata mbinu za zamani. Hilo halipingani na historia ya nyumba. Kila kizazi tangu karne ya 15 kimeikarabati, na fremu za mwaloni hujengwa ili ziweze kukarabatiwa.

## Maisha ya baa leo

The Fleece Inn ni kitovu cha shughuli za kijiji. Ghala la kale hutumiwa kwa harusi, muziki wa asili na mikutano, na wacheza ngoma ya Morris huonekana uani katika majira ya joto.

Shughuli inayojulikana zaidi ni mnada wa asparaga, unaofanyika karibu na mwisho wa Mei. Kwa desturi msimu wa asparaga wa Uingereza huanza tarehe 23 Aprili, siku ya Mtakatifu George, na kumalizika tarehe 21 Juni. Wakulima wa bonde hili wana hesabu yao wenyewe: "mia" moja ya asparaga ina machipukizi 120, yanayofungwa katika mafungu. Katika mnada mafungu bora hununuliwa kwa bei inayozidi sana ile ya sokoni, na fedha husaidia bendi ya matarumbeta ya kijiji. Watu wa mahali pale huita asparaga kwa jina la lahaja yao, "gras".

Mwaka 1994 baa ilitumika kupigia picha tamthilia ya televisheni ya BBC iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens, Martin Chuzzlewit.

## Umuhimu

CAMRA imeiweka The Fleece Inn katika orodha yake ya taifa ya baa zenye vyumba vya ndani vya kihistoria. Baa zilizomo ni chache sana zikilinganishwa na makumi ya maelfu ya baa za Uingereza, na idadi hiyo kubwa nayo inapungua. Tangu mwaka 2000 maelfu zimefungwa, nyingi zikiwa za vijijini, na majengo yake kugeuzwa kuwa nyumba za makazi. Katika vijiji vingi baa ikifungwa hupotea pia mahali pekee pa watu wa rika na kazi tofauti kukutana bila mwaliko.

The Fleece Inn imefuata njia kinyume: nyumba ya kuishi iliyokuwa baa, na iliyozuiwa na wasia kurudi kuwa nyumba ya mtu binafsi. Mambo matatu yameilinda. La kwanza ni ukoo mmoja ulioimiliki kwa vizazi vingi. La pili ni mwanamke mmoja aliyekataa mabadiliko wakati ambapo yalikuwa yanasifiwa kila mahali. La tatu ni shirika lililokubali kuihifadhi bila kuifunga. Moto wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ulinzi huo hauwezi kuzuia kila hatari, na pia kwamba kijiji kilikuwa bado kinaihitaji baa hiyo vya kutosha kuijenga upya.